Kutoka Lita 205 hadi Lita 122

Imetimia wiki ya sita tangu nilipouweka kando ubao wangu mkubwa wa tanga nikaanza kuutumia mdogo, na leo ndiyo mara ya kwanza ninarudi kutoka majini nikiwa na nguvu za kushika kalamu. Kwa misimu miwili nilikuwa juu ya ubao wenye ujazo wa lita 205 na upana wa sentimita 90, ubao ambao mtu anaweza kusimama juu yake, akajikuna, akatazama mawingu, kisha akakumbuka kwamba alikuwa na tanga la kuinua. Huu mpya una lita 122 na upana wa sentimita 72. Nilipozisoma tarakimu hizo, zilizoandikwa karibu na tezi, yaani mwisho wa nyuma wa ubao, niliona kwamba ujazo umepungua kwa asilimia 40 hivi, nikajiambia kuwa mtu aliyekwisha kujua kubisha, yaani kugeuka kwa kuukabili upepo, na kurudi alikotoka bila kuvutwa na mashua hatashindwa na asilimia 40.

Hesabu hiyo ilikuwa ya mtu mvivu. Lita moja ya ujazo huelesha takriban kilo moja ya uzito. Mimi nina kilo 74, ubao wenyewe una kilo 7, na tanga pamoja na mlingoti na mpini wa kushikia ni kilo 8. Jumla ni kilo 89, ambazo lazima zibebwe kabla hatujazungumza habari ya kwenda popote. Ubao wa zamani, baada ya kutubeba sisi sote, ulibakiwa na lita 116 za akiba. Huu mdogo unabakiwa na 33. Akiba hiyo ndiyo inayomvumilia mtu anapokanyaga vibaya, na mimi nilikuwa nimeipunguza kwa zaidi ya theluthi mbili huku nikidhani nimepunguza chini ya nusu. Ukiongeza sentimita 18 za upana zilizotoweka, utaona kwamba nilikuwa naingia kwenye mchezo ambao sikuwa nimewahi kuucheza.

Siku ya kwanza upepo ulikuwa wa wastani na maji yalikuwa karibu tambarare, yaani sikuwa na wa kumlaumu. Niliupeleka ubao hadi maji yaliponifika kifuani, nikapanda kwa magoti, nikaishika kamba ya kuinulia tanga, nikasimama. Kwenye ubao mkubwa miguu yangu ilikuwa imezoea kwenda ilikotaka. Kisigino kikisogea pembeni kwa upana wa kiganja, hakuna kilichotokea. Hapa kisigino cha kulia kilitoka kwenye mstari wa katikati kwa kadiri ya vidole vitatu, ukingo wa upande ule ukaanza kuzama taratibu, kama kiti kinachoondolewa na mtu mwenye adabu, nami nikaingia majini kinyumenyume, kamba ikiwa bado mkononi. Majaribio kama hayo niliyahesabu hadi 14. Katika jaribio la 15 tanga lilitoka majini, likamwaga maji yake, nikaushika mpini kwa mkono wa mbele, nikafurahi, na kwa kule kufurahi nikaegemea nyuma. Tezi ikazama, omo, yaani ncha ya mbele, ikainuka, ubao ukageukia joshini, upande unakotoka upepo, na kusimama. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Mimi niliielewa methali hiyo kwa vifundo vya miguu, kwa kuwa ndipo maji yalipokuwa yamefika.

Jambo lililonisumbua zaidi jioni ile, kuliko michubuko ya magoti, lilikuwa kugundua ni mambo mangapi ubao mkubwa ulikuwa ukinifanyia bila mimi kujua. Nilidhani ninajua kubisha. Kumbe nilichokijua ni kutembea kuuzunguka mlingoti kama mtu anayezunguka meza: hatua, hatua nyingine, kutulia kidogo, kisha kuushika mpini upande wa pili. Kwenye ubao mdogo, ukisimama mbele ya mlingoti kwa muda wa kuvuta pumzi moja, omo inakwenda chini na wewe unaifuata. Nilidhani pia ninajua kuvuta joshini, ilhali kazi hiyo ilikuwa ikifanywa na mkuku wa kuchomeka, ule ubapa mrefu unaoteremshwa katikati ya ubao ili upepo usiusukume kwa ubavu. Ubao mdogo hauna mkuku. Una pezi tu kwenye tezi, na pezi halifanyi kazi mpaka maji yapite kwa kasi pande zake zote mbili. Ukienda polepole huku ukilisukuma kwa mguu wa nyuma, kama nilivyokuwa nikifanya, linaachia, na ubao mzima unaserereka kuelekea demanini, upande unakokwenda upepo.

Matokeo yake ni matembezi. Kila anguko hukugharimu mita kadhaa, kwa kuwa wakati unapanga tanga na kupanda tena, upepo unaendelea na kazi yake. Katika wiki mbili za mwanzo sikurudi hata siku moja mahali nilipoanzia nikiwa juu ya ubao. Nilirudi kwa miguu, ubao kwapani na tanga kichwani, nikiwapita watu ambao dakika chache nyuma walikuwa wameniona nikiondoka kwa mbwembwe. Mtu anayetaka kuhama kutoka ubao mkubwa na achague mahali ambapo upepo unavuma sambamba na ufuko au kwa mshazari kuelekea nchi kavu, kamwe usiwe unaovuma kuelekea bahari kuu. Hilo nililizingatia tangu mwanzo, na ndilo jambo pekee la wiki zile ambalo sioni haya kulisimulia.

Mabadiliko yalianza wiki ya tatu, siku upepo ulipofika kama kilomita 28 kwa saa na mimi nilikuwa na tanga la mita 6.5 za mraba. Kabla ya hapo nilikuwa nikiungoja ubao utulie ndipo niende, kama nilivyozoea. Siku ile, kwa kuwa tanga lilinivuta kabla sijawa tayari, tuliondoka bila kutulia, na mara nikahisi sakafu imekuwa ngumu chini ya nyayo. Wanaoujua mchezo huu huita hali hiyo kuteleza: ubao unaacha kuyapasua maji na kupanda juu yake. Ukiwa umesimama au unakwenda polepole, ubao hubebwa na ujazo wake. Ukishaanza kuteleza hubebwa na maji yenyewe, yanayopigwa na tumbo lake kwa kasi na kulisukuma juu, na hapo zile lita 33 za akiba hazina tena maana kubwa. Ubao uliokuwa ukiyumba kama mtungi mtupu ulitulia kabisa. Sauti ilibadilika pia: ule mguno wa maji yanayosukumwa na omo ulikoma, ikabaki kelele nyembamba ya matone yanayopiga chini ya tumbo la ubao, kama mchanga unaomwagwa juu ya bati.

Ilidumu labda sekunde kumi. Nilifanya kosa ambalo nimelirudia mara nyingi tangu hapo, nalo ni kuutafutia mguu wa nyuma mahali pake mapema mno. Vishikio vya miguu viko nyuma na pembeni, karibu na tezi, na mtu anayevikimbilia kabla ubao haujashika kasi huizamisha tezi, ubao ukageuka joshini na kusimama. Mpangilio ulio sahihi nimeujua kwa kichwa tangu zamani. Kuutia mwilini ndiko kulikonichukua wiki tatu nzima. Kwanza mtu ananasa ndoano ya mkanda wa kiunoni kwenye kamba ya mpini. Kisha anashusha makalio kana kwamba anataka kuketi, akauacha uzito wake uning'inie kwenye mpini. Uzito huo husafiri kwenye mpini, ukateremka kwenye mlingoti hadi kitakoni pake, ukaukandamiza ubao mbele kabisa ya mahali miguu ilipo. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama nyuma bila tezi kuzama: miguu iko nyuma, lakini sehemu kubwa ya uzito iko mbele. Hapo ndipo mguu wa mbele unapoingia kwenye kishikio chake, na mguu wa nyuma unafuata mwisho, bila haraka.

Kwa misimu miwili nilikuwa nimesimama juu ya ubao na kulishika tanga. Sasa ninalazimika kuning'inia kwenye tanga na kuugusa ubao kwa nyayo. Naandika sentensi hizi mbili kwa wepesi, lakini mwili wangu bado unazibishia. Kila upepo unapopungua kidogo, magoti yanajinyoosha yenyewe na kutaka kusimama wima, na ubao unayaadhibu papo hapo.

Ninapojionea huruma hukumbuka kwamba mchezo wenyewe ulipita njia hii hii. Ubao ambao Hoyle Schweitzer na Jim Drake waliuombea hataza nchini Marekani mwaka 1968 ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita tatu na nusu, na Robby Naish alipotwaa ubingwa wa dunia mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 13, mbao zilikuwa bado ndefu za aina hiyo. Ni watu wa Hawaii, waliochoka kurushwa na mawimbi kutoka juu ya mbao hizo, waliofunga vishikio vya miguu mwishoni mwa miaka ya 1970, na baada ya hapo mbao zikaendelea kupunguzwa urefu na ujazo. Kwa lugha ya kawaida, hata waliokuwa hodari kuliko wote walianzia kwenye meza ya kulia chakula.

Sasa naja kwenye jambo ambalo lingeniokolea nusu ya maanguko yangu kama ningelifanya kabla ya kuuhama ubao mkubwa, yaani kuanzia majini. Badala ya kupanda na kulivuta tanga kwa kamba, mtu hubaki ndani ya maji, akauelekeza mlingoti upande wa joshi, akaushika karibu na mpini na kuuvuta kuelekea upepo huku akiinua mkono, mpaka upepo uingie chini ya tanga na kuyamwaga maji yaliyolikalia. Kisha anaweka mguu wa nyuma juu ya ubao, ananyoosha mikono ili tanga liwe juu kadiri linavyowezekana, na linalobaki hufanywa na upepo: unainuliwa. Nilitumia siku nne kupambana na pembe ya tanga iliyokuwa ikikataa kutoka majini, nikameza maji ya kutosha, na siku ya tano nikainuliwa kwa ulaini hata nikaduwaa, nikasahau kulivuta tanga na kuanguka upande wa pili. Kuanzia siku hiyo zile lita 33 hazinitii hofu tena, ila upepo unapokufa nikiwa mbali.

Upepo ukifa, ubao mdogo ni mateso, na sitaki kumdanganya mtu. Wapo wanaoshauri kwamba ukinunua mdogo uuze mkubwa siku hiyo hiyo ili usipate pa kukimbilia, nami naona ushauri huo ni wa watu wanaoishi mahali upepo haulali. Ubao wangu mkubwa bado upo. Siku za upepo dhaifu ninautoa, na juzi nilishangaa kuona ninakanyaga kwenye mstari wa katikati hata pale ambapo hapakuwa na haja. Wapo pia wanaoruka moja kwa moja kutoka lita 200 hadi chini ya 100 kwa sababu ubao mfupi unapendeza kubebwa. Hao nawatakia heri, na magoti mazuri.

Leo nimejaribu kupindua, yaani kugeuka kwa kuupa upepo mgongo, kwa kuwa kuuzunguka mlingoti bado ni bahati nasibu. Nimepindua mara 11 na kuanguka mara 9. Katika yale maanguko tisa kuna kitu kimoja kilichofanana: nilipokaribia kugeuka nilipunguza kasi, kwa tahadhari, na ubao uliponyimwa kasi ukarudi kuwa mtungi mtupu. Katika zile mara mbili nilizofaulu, upepo ulikuwa umenisukuma kwa nguvu kuliko nilivyotaka, sikuwahi kupunguza chochote, na nilipofumbua macho nilikuwa nimekwisha kuelekea upande wa pili, tanga likinisubiri nilishike. Kesho nitajaribu kuyaacha macho wazi.