Kwani maji nayo ni chakula?

Jumapili usiku. Baridi ya Juni imeshuka, Mbeya nzima imejifunika, mimi usingizi hauji.

"Mwanangu, kwani maji nayo ni chakula?"

Ndivyo alivyouliza bibi wa kitanda namba 7 kwenye wadi ninayouguza, Jumanne saa nne asubuhi, akisubiri upasuaji na amekatazwa hata maji, mdomo wa chini umekauka hadi umepasuka katikati. Nikamjibu, "Vumilia bibi, ndio utaratibu." Akasema, "Haya, mwanangu," akageukia ukutani. Jana nyumbani kumeletwa mahari, nimepika, nimepiga vigelegele, na bado ninachosikia masikioni ni ile "haya, mwanangu".

Maana jibu nalijua. Maji si chakula.

Bibi alikuwa na ngiri ya kitovu, upasuaji wa kupangwa, namba mbili kwenye orodha ya thieta, chumba cha upasuaji. Zikaingia dharura mbili za uzazi, akapelekwa saa nane mchana. Alikula mara ya mwisho saa moja jioni, maji akanywa saa nne usiku. Hesabu mwenyewe: saa 19 bila chakula, 16 bila tone la maji. Mtu akifika hivyo, mishipa ya mikono imelala. Kanyula, ile sindano ya dripu, ilimwingia kwa mara ya nne. Na ganzi ya mgongoni hulegeza mishipa ya damu, kwa hiyo aliyekauka presha inamwangukia haraka kuliko aliyekunywa maji. Yake iliporomoka, ikabidi dripu ifunguliwe kwa kasi.

Hofu yetu ya kumpa mgonjwa maji kabla ya upasuaji ina chanzo cha kweli. Mwaka 1946 huko New York, daktari Mendelson aliandika kuhusu wajawazito 66 waliopaliwa na vitu vya tumboni wakiwa kwenye usingizi wa dawa. Lakini wawili waliofariki walizibwa na chakula kigumu. Maji huondoka tumboni upesi, nusu yake ndani ya dakika 20 hivi kwa mtu asiye na tatizo la tumbo. Tathmini ya 2003 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, ilikusanya majaribio 22 ya watu wazima, na waliokunywa maji hadi saa chache kabla hawakukutwa na tumbo lililojaa zaidi ya waliofungishwa usiku kucha. Mwongozo wa madaktari wa dawa za usingizi wa Marekani unasema mgonjwa aache saa 2 kabla ya upasuaji kwa maji na vinywaji vya aina hiyo, 4 kwa maziwa ya mama, 6 kwa mlo mwepesi, 8 kwa vyenye mafuta. Hizo saa 2 za maji zimo humo tangu 1999! Sisi hadi wiki hii tulikuwa tunasema "kuanzia saa sita usiku usiweke kitu mdomoni", kwa sababu sentensi hiyo ni rahisi kukabidhiana zamu.

"Haya, mwanangu." Bila hata kinyongo.

Alhamisi nilimfuata mtoa usingizi kabla hajavaa barakoa. Nilitegemea mabishano. Akaniambia, "Sista, ukiniandikia amekunywa nini, kiasi gani na saa ngapi, mimi sina neno." Basi! Miaka yote hii kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, na tangu hapo nimekuwa mwepesi kidogo.

Kwa hiyo ubao wa wadi sasa una safu mbili: "chakula mwisho" na "maji mwisho". Wa kwanza kwenye orodha, saa mbili asubuhi, anaamshwa saa kumi na moja alfajiri apewe kikombe kimoja cha maji, mls 200, na muuguzi anaandika. Wa saa tano anapata kikombe tena saa mbili. Orodha ikisogea, thieta wanapiga simu wadini; simu hiyo ndiyo roho ya mpango wote, bila simu tunarudi kulekule.

Na tunasema "maji", hatusemi "chai". Ukisema chai ni ruksa, ndugu waliotoka Rungwe wanaleta chupa ya chai ya maziwa na magimbi pembeni, na maziwa yakifika tumboni huganda, yanahesabiwa kama chakula. Uji na togwa vivyo hivyo. Kipimo changu ni glasi: kama vidole vyako huvioni upande wa pili, hicho si kinywaji cha saa 2. Aliyeziba utumbo, anayetapika, mjamzito, wa dharura, aliyechomwa pethidini (dawa kali ya maumivu), mwenye kisukari cha miaka mingi, hao hawapewi kwa safu ya ubaoni. Anaulizwa mtoa usingizi kwanza.

Ijumaa bibi ameruhusiwa nikiwa zamu ya usiku. Sikumuona kuaga. Ningependa kumjibu lile swali.

Mama amepiga simu jioni kutoka Igoma, anasema alfajiri umande uliganda juu ya majani ya viazi, shamba lote la chini. Yakishaungua hivyo wiki hii, sijui mbegu ya msimu ujao tutaitoa wapi.