Kwa nini nakuomba uje na noti

Juzi mteja aliondoka dukani amekasirika. Mchoro wa tatuu alishaupenda, kadi iko mkononi, nikamuuliza kama ana fedha taslimu. "Kumbe mnakwepa kodi," akasema, akatoka. Neno hilo limenikaa moyoni wiki nzima, ndiyo maana naandika.

Nachora tatuu hapa Minneapolis, huu mwaka wa sita. Sijaajiriwa. Duka linanipa kiti na taa, nami naliachia asilimia 40 ya kila kazi. Kadi ikipita kwenye mashine, kampuni ya malipo inakata karibu asilimia 3. Kazi ya dola 500 inapoteza kama dola 15, na kwetu makato hayo yanatoka fungu langu. Bakshishi ukiiweka kwenye kadi nayo inakatwa. Hizo dola 15 ni boksi la glavu, na kwa mteja mmoja nabadilisha glavu mara nyingi.

Makato ningeyavumilia. Lililoniumiza ni la 2022. Nilimchora bwana mmoja simba begani kwa dola 900, vikao viwili, jumla masaa tisa. Alijitazama kwenye kioo, akanikumbatia, akalipa kwa kadi. Baada ya miezi miwili naambiwa ameyapinga malipo benki kwake, eti hakuyaidhinisha. Pesa zikavutwa siku ileile, na juu yake nikatozwa ada ya dola 20. Nilipeleka fomu ya ridhaa yenye sahihi yake, nakala ya kitambulisho, picha za bega. Nikashindwa. Muuza viatu anaweza kudai viatu vyake virudi. Mimi nidai nini? Ngozi ya mtu?

Binamu yangu wa Nakuru anashangaa: mama mboga wa mtaani kwao anapokea M-Pesa, na mimi niko Marekani nahesabu noti! Namkumbusha kuwa hata huko mtu hutuma pesa, akishabeba mzigo wake akaomba zirudishwe. Aliyewahi kufanyiwa hivyo ananielewa bila maelezo.

Sasa kodi. Kila noti inaingia kwenye daftari jioni ileile, bakshishi pia, na kila robo mwaka nailipa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, mwenyewe kwa kuwa sina mwajiri wa kunikatia. Wapo wasioandika, na hao ndio wanaotuchafulia jina sote.

Kadi siikatai ikiwa huna njia nyingine. Ila amana ya dola 100, ile ya kushika nafasi yako, naomba uilete taslimu. Ile ATM ya pale kona inakukata dola 3 na nusu, na inaniuma kukuelekeza kwake, kwa hiyo pitia benki yako kabla hujaja. Risiti nitakuandikia, na nikisahau nidai, ni haki yako.

Na wewe wa juzi, kama unasoma hapa: mchoro wako wa twiga sijautupa. Uko kwenye droo yangu ya juu.