Big Dipper ya Geauga Lake kwa vijiti vya balsa: kumbukumbu ya mradi wangu

6 Januari

Leo nimekata kijiti cha kwanza: balsa, mbao nyepesi sana, unene milimita mbili, urefu sentimita ishirini kasoro kidogo. Kitasimama chini ya kilele cha mfano wa Big Dipper, rola kosta ya mbao, yaani reli ya burudani ambayo gari lake hupanda na kushuka vilima kwa kasi. Ile ya kweli ilikuwa na kimo cha futi 65, karibu mita 20, na reli yake ilikuwa na urefu wa futi 2,680, zaidi ya mita 800. Najenga kwa kipimo cha moja kwa mia, kwa hiyo nina mita nane na ushei za reli mbele yangu. Kwa kuwa reli yake ilikwenda hadi mwisho, ikageuka na kurudi kando ya ileile ya kwendea, meza ya mita nne na nusu inatosha, na chumba cha chini ya nyumba yetu kina urefu huo hasa nikisogeza mashine ya kufulia.

Geauga Lake ilikuwa bustani ya michezo kusini-mashariki mwa Cleveland, Ohio, ukingoni mwa ziwa la jina hilohilo. Watu walikwenda pale kupunga upepo tangu karne ya 19. Big Dipper ilifunguliwa mwaka 1925, kazi ya mbao toka chini hadi juu, na aliyeibuni alikuwa John A. Miller.

Niliipanda siku moja tu, kiangazi cha 2006. Nilikuwa mwanafunzi mgeni, na rafiki yangu wa Bukavu ndiye aliyenivuta mkono. Tukiwa kwenye foleni nilitazama juu nikaona mataruma, zile mbavu za chombo cha baharini. Baba yangu alikuwa fundi wa madau Pangani. Nimekulia ndani ya vyombo ambavyo bado havijapigwa mbao za nje, nikimshikia misumari. Sikutegemea kuiona kazi ile Ohio, imesimama wima juu ya vichwa vya watu. Gari lilipoanza kupanda, mbao zililia chini yetu. Rafiki yangu alishtuka. Mimi ndipo nilipotulia, maana Baba alikuwa akisema chombo kinacholia ni chombo kinachojipinda, na kinachojipinda hakivunjiki.

Mwaka uliofuata bustani ilifungwa.

14 Januari

Jioni nzima sikugusa gundi. Nilikaa kupanga tarehe, kwa sababu nataka kibao kidogo mbele ya meza kisome sawasawa.

Siku ya mwisho ilikuwa 16 Septemba 2007. Tangazo la kufunga lilitoka 21 Septemba, siku tano baadaye. Jambo hili linaniuma kuliko mengine yote katika habari hii: waliopanda Jumapili ile walishuka, wakanunua soda, wakaenda kwenye magari yao wakidhani wataonana na Big Dipper mwakani. Hakuna aliyeigusa nguzo kwa kuaga.

Miaka iliyotangulia bustani ilikuwa imenunuliwa na kuuzwa mara nyingi. Mwaka 2001 iliunganishwa na SeaWorld, bustani ya wanyama wa baharini iliyokuwa ng'ambo ya ziwa, ikawa bustani moja kubwa ya wanyama, maji na rola kosta. Mwaka 2004 ikauzwa tena kwa dola milioni 145. Juni 2008 vilivyobaki vikapigwa mnada. Big Dipper ilikwenda kwa dola 5,000. Rola kosta nzima, ya miaka 83, kwa bei ya gari kuukuu. Aliyeinunua hakuihamisha, na kwa kweli ingehamishwaje? Za chuma hufunguliwa boliti, zikapakiwa kwenye malori na kufungwa kwingine. Dominator ya palepale Geauga Lake ilipelekwa Virginia ikafunguliwa kwenye bustani ya Kings Dominion mwaka 2008, nyingine ikaenda Michigan. Rola kosta ya mbao imepigiliwa misumari mahali pake, kila ubao umekatwa kufuata jirani yake. Ukiibomoa unabaki na kuni.

Ilisimama bila abiria miaka tisa, miti ikipanda kati ya nguzo. Ikabomolewa Oktoba 2016.

3 Februari

Fremu 40 zimekwisha. Nimeamua kuweka fremu moja kila sentimita tatu, kwa hiyo zitakuwa zaidi ya 270. Kila moja ina nguzo mbili, mihimili ya kulala na mikingamo miwili. Nimetengeneza kalibu ya ubao na pini ili zote ziwe na upana mmoja. Bila kalibu nilikuwa namaliza tatu kwa jioni, sasa namaliza nane.

Vimo navipata kwenye picha na video za waliopanda. Nasimamisha video, nahesabu fremu za mbao toka chini ya bonde hadi kilele, naandika kwenye daftari. Kazi ya macho. Mke wangu amenipa taa yake ya kushonea.

17 Februari

Reli. Hapa ndipo nilipojifunza mengi.

Reli ya rola kosta ya mbao ni mbao nyembamba zilizolazwa juu ya nyingine, kwa kawaida tabaka saba au nane, na juu kabisa ukanda bapa wa chuma. Gurudumu kubwa linakanyaga chuma hicho juu. Gurudumu la pili liko ubavuni, linazuia gari lisiyumbe nje. La tatu liko chini ya ukingo wa reli, na hilo ndilo la Miller, aliyelipatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1919. Kabla ya hapo gari lilishikwa na uzito wake tu. Rola kosta ya LaMarcus Thompson pale Coney Island, New York, mwaka 1884 ilikwenda maili sita kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, kwa senti tano. Ukiongeza mwendo juu ya kilima, gari linataka kuruka. Miller aliweka gurudumu chini, gari likakumbatia reli, na toka hapo mabonde yakaweza kuwa marefu na makali. Ile hali ya makalio kuachana na kiti kileleni, tumbo likabaki nyuma, tunadaiwa na fundi huyo mmoja.

Kwa kipimo changu tabaka nane haziwezekani. Nimetumia tatu, zimelowekwa maji ya moto na kukunjwa juu ya chupa.

2 Machi

Jaribio la kwanza, na limeshindikana. Nililiachia gari toka kileleni, likashuka vizuri, likapanda kilima cha pili hadi katikati, likasimama, likarudi nyuma.

Nimekaa na penseli. Urefu umepungua mara mia, lakini msuguano wa ekseli haukupungua kwa kiasi hicho, na uzito wa gari umepungua mno. Gari la kweli lina tani za kulisukuma mbele. Langu lina uzito wa shilingi chache. Halafu kuna suala la muda: kitu kikianguka kwenye mfano wa moja kwa mia, mambo hukwenda kasi mara kumi. Dakika moja ya Geauga Lake inakuwa sekunde sita mezani kwangu. Hata gari lingefika mwisho, jicho lisingeona safari, lingeona mtupo.

Mtu aliyejenga mfano wa namna hii kabla yangu alinishauri nishushe kilima cha pili na cha tatu ili gari lipite. Nimemshukuru, lakini sitafanya hivyo. Vilima vikishuka itakuwa rola kosta yangu, na nimekaa miezi miwili naikumbuka ya Miller. Afadhali gari livutwe na uzi uliofichwa chini ya reli, kwa mwendo wa polepole, na vimo vibaki vilevile.

16 Machi

Tumekwenda Cleveland na binti yangu kuona farasi wa mbao wa kuzunguka wa Euclid Beach Park, bustani ya zamani ya michezo, wanaohifadhiwa kwenye jumba la historia la Western Reserve. Walichongwa mwaka 1910, wakatengenezwa upya, wanazunguka tena tangu 2014. Bustani yenyewe ilifungwa Septemba 1969, na rola kosta zake, Thriller ya mwaka 1924 na wenzake, hazipo. Nimeona jambo hili kila ninapofuatilia bustani iliyofungwa: farasi huokolewa. Wa Geauga Lake wako kwenye bustani ya Worlds of Fun, Kansas City. Wa Idora Park ya Youngstown, ambayo rola kosta yake Wildcat iliungua Aprili 1984, wako Brooklyn, New York, kando ya mto. Farasi mmoja mtu anaweza kumbeba, kumpaka rangi, kumwita sanaa. Nani atabeba mteremko?

Binti alipanda mara nne. Njiani kurudi nilimsimulia na upande wa pili, kwa kuwa ana miaka kumi na moja na anaweza kusikia. Euclid Beach haikuwaruhusu Weusi kwenye ukumbi wa kucheza dansi wala uwanja wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Kiangazi cha 1946 watu waliandamana langoni kupinga hilo, wengine wakatolewa kwa nguvu. Aliuliza kama wangemruhusu yeye. Nikamwambia ukweli. Alikaa kimya mpaka tukapita mji wa Solon, kisha akasema, "Baba, lakini ile yetu ya nyumbani atapanda yeyote." Nimeamua nitaandika juu ya Euclid Beach pia kwenye kibao, mistari miwili, chini ya tarehe za Geauga Lake.

5 Aprili

Mvua ya wiki nzima. Chumba cha chini kimeshika unyevu na fremu ya 88 hadi ya 97 zimejipinda, reli imepanda milimita nne upande wa kushoto. Nimezikata na kuanza upya. Nimenunua mashine ya kukausha hewa.

Nilimpigia Mama, akacheka akasema, "Mbao ni mbao, mwanangu, hata ukiipeleka Ulaya." Kwake yeye Marekani ni Ulaya. Akanikumbusha Baba alivyokuwa: dau likishushwa majini hakusema kazi imekwisha. Kila msimu lilipandishwa mchangani, likakalafatiwa nyufa zake, likapakwa deheni, yale mafuta ya kulinda mbao, ubao uliooza ukatolewa. Dau la miaka thelathini lilikuwa na mbao za miaka mitano.

Big Dipper ilikuwa hivyohivyo. Rola kosta ya mbao hukaguliwa kwa miguu kila asubuhi kabla ya watu kuingia: fundi hupanda na nyundo na spana, hutembea juu ya reli yote, anagonga, anasikiliza, anakaza. Ubao mbovu hubadilishwa. Kwa hiyo mbao zilizobomolewa 2016 nyingi hazikuwa zile za 1925. Iliyodumu miaka 82 ni ile kutembelewa. Siku waliyoacha kupanda mafundi ndiyo siku iliyokufa, na miaka tisa baada yake ilikuwa maiti iliyosimama. Sikulielewa hilo nilipoanza. Nilidhani naokoa umbo.

27 Aprili

Mnyororo wa kupandishia unafanya kazi! Mota ndogo toka kwenye printa iliyokufa, mnyororo wa mkufu wa bei nafuu, na chini ya gari kijino cha plastiki kinachoruka juu ya msumeno mdogo nilioupachika kati ya reli. Kijino hicho, kwenye ya kweli, ndicho kinachozuia gari lisirudi nyuma mnyororo ukikatika, nacho kimo kwenye kazi za Miller. Ndicho kinachotoa ule mlio. Tik, tik, tik, mpaka kileleni, halafu kimya.

Nilikuwa nimesahau kile kimya. Nimeliendesha mara ishirini.

11 Mei

Fremu 209. Kinachofuata ni kona ya mwisho wa meza, ambako nguzo za nje lazima ziwe ndefu kuliko za ndani na kalibu yangu haitasaidia.

Binti sasa ana kazi yake. Kabla sijawasha mota, anapitisha kidole juu ya reli toka kituoni hadi mwisho wa zilizojengwa, taratibu, akisikiliza palipoachia. Leo amekuta mahali pamoja palipoachia, kwenye fremu ya 140, akapafunga uzi mwekundu, akaniita na gundi.