Pete ya Kidole cha Shahada

Mjukuu wangu kaingia chumbani leo asubuhi kavaa pete ya bati kwenye kidole gumba. "Bibi, hii ya nani?" Kaitoa kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Haikufungana duara: bati jembamba lililokunjwa, likaachwa nafasi ya kupenyeza kibanzi cha plastiki kati ya chuma na kidole. Si ya kuendea harusini. Ni ya kupigia kanuni, ala ya nyuzi inayopakatwa, huvaliwa kidole cha shahada, moja kulia na moja kushoto. Hii ni ya kushoto, nimeijua kwa ilivyopinda.

Mwenyewe, kijana niliyemsaidia kuomba chuo Marekani, aliisahau mezani kwangu siku ile ya maombi.

Insha ilitakiwa isizidi maneno 650 kwa Kiingereza. Ya kwake ilikuwa na 640, na ndani yake yeye hayumo. Ilianza na muziki kuwa lugha ya dunia nzima, ikapita kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa cha mwaka 1905, ikamfikisha mwimbaji Siti binti Saad Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, ikashukuru wazazi na walimu, ikaisha. Yote kweli. Lakini anayesoma maombi anamtafuta mtu mmoja aliyekaa na ala yake, na historia ya Unguja anaweza kuisoma kwengine.

Tukafanya kama ninavyofanya na kila kijana: kalamu chini, simu mezani inarekodi, mazungumzo kwa Kiswahili. Baadaye unaandika kila neno kama lilivyotamkwa, unapigia mstari vitenzi na kufuta sifa. "Zuri" halimwambii msomaji kitu. "Nililegeza", "nilichelewa", "nilirudia" yanamwambia. Rasimu ya Kiswahili isizidi maneno 400, maana Kiingereza hulipasua neno letu moja: "nilipoanza" peke yake huko ni maneno matatu. Na usimwandikie. Sentensi asiyoizaa mwenyewe ndiyo watakayomuuliza kwenye usaili, na hapo mtoto anabaki anatazama dari.

Nikamtegea saa ya simu, dakika moja na nusu, nikamuuliza swali ambalo halikosekani: kipande ulichopiga ni kipi, na wewe ulifanya nini ndani yake?

"Tulianza na bashrafu..."

Bashrafu ni kipande cha ala tupu cha kufungulia taarabu. Nikagonga meza. "Nilianza."

"Nilianza na bashrafu, halafu tukapandisha..."

Nikagonga tena. Mara ya tatu. Mara ya nne. Kila alipojisahau "tu" ile ilirudi mdomoni, na mimi nikigonga, kwa sababu nilijua kule wanakotaka kumpeleka "tulifanya" husomeka kama mtu anayejificha nyuma ya wenzake.

Akanyamaza. Alikuwa amepakata kanuni, na mkono wake ukaanza kuitengeneza bila kuagizwa. Siku hiyo hewa ilikuwa nzito ya unyevu, ngozi ya samaki chini ya daraja linalobeba nyuzi imelegea, nyuzi zote zimeshuka. Kanuni ile ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, kwa hiyo sauti 26. Akautia ufunguo kwenye kigingi, akapiga uzi wa kwanza, wa pili, akaukaza wa tatu kidogo kidogo mpaka ule mtetemo wa kugombana ukapungua, ukapungua, zikawa uzi mmoja. Akahamia tatu nyingine.

"Mwalimu," akasema, macho kwenye nyuzi, "nikisema nilianza mimi, babu wa fidla nimuweke wapi? Bashrafu haianzwi na mtu mmoja."

Sikuwa na jibu. Nilimuacha amalize tatu mbili zaidi. Mtoto huyu alilelewa kwamba anayesema "mimi, mimi" mbele za watu hakufunzwa kwao, na kulelewa huko hakuna kosa. Mimi mwenyewe nimewalea wangu hivyohivyo.

"Basi niambie pahali ambapo uko peke yako."

Akafikiri. "Kwenye taksimu, nikibuni papo hapo."

"Nioneshe."

Akavua pete ya kushoto, akaiweka mezani, akabaki na ya kulia. "Hapa wote wamenyamaza. Naanza ngazi ya sauti ya Rasti, nimekaa kwenye do. Mi yake si hii ya piano, wala si ile iliyoshushwa nusu. Iko katikati. Ndiyo sika. Sasa nataka kwenda ngazi nyingine, Bayati, na watu wanadhani nitabadilisha nyuzi nyingi. Sika siigusi! Nahamisha kituo tu, natoka do, nakaa re, na sika ileile inageuka sura. Ninachoshusha ni noti moja tu, ya saba ya Rasti." Mkono wa kulia uliendelea kupiga, wa kushoto ukaenda kando ya vigingi, ukalaza kijichuma kimoja kisichozidi ukucha, sauti ikateremka katikati ya sentensi ya muziki bila kukatika. "Mara ya kwanza nilichelewa kukilaza. Mpiga kodiani akaingia juu yangu, ikawa makelele. Wiki mbili nilifanya mkono huu peke yake, bila pete, nikihesabu."

Hesabu: naanza, nataka, nahamisha, nilichelewa, nilifanya. Hakuna aliyegonga meza.

Insha ikaanzia kwenye kijichuma kile kilichochelewa. Bashrafu ikabaki na "tu" yake yote, babu wa fidla akapata aya nzima, na "mimi" ikaingia pale tu alipokuwa peke yake kweli. Siti na Bombay nilizitoa. Shukrani kwa Mungu niliisogeza mwisho, sikuthubutu kuifuta.

Mengine yalikwenda mbio. Video tulirekodi baada ya isha, feni imezimwa, mkupuo mmoja bila kukata, mikono yote miwili ikionekana. Simu tuliiweka mita mbili: ikikaribia zaidi inajipunguza yenyewe uzi unapopigwa kwa nguvu, na ule mlio wa kwanza wa kibanzi unamezwa. Saa ya usaili ndiyo iliyotaka kutupoteza. Chuo cha Boston waliandika 10:00, yeye akaandika daftarini saa nne asubuhi, sawasawa kabisa na tunavyohesabu, ila saa nne ile ilikuwa ya kwao. Januari wako nyuma yetu saa nane, kwa hiyo kwetu ilikuwa saa 12 jioni, karibu na magharibi. Tangu hapo kila kijana namuandikisha nyakati mbili, wa kwao na wa kwetu, kwa hesabu ya 24, na mtu mwengine azikague.

Alimaliza kabla ya adhana. Wakamchukua.

Juzi usiku kanitumia ujumbe wa sauti, dakika tatu. Kaunda kundi huko, ana onesho. "Niliandika mwenyewe, nilipanga mazoezi, nikawaambia wapunguze besi, niliongoza." Anasema haraka, kwa raha, sauti ya mtu aliyepata nafasi yake, na mimi nafurahi naye kwa moyo wote. Lakini kundi lina watu, na sikumsikia hata mmoja wao. Labda ni ile meza yangu. Labda ni kule, labda ni ukubwa tu.

Leo nimeusikiliza tena, mjukuu kakaa miguuni anagonga gonga sufuria kwa ile pete, nikiitafuta "tu" moja.

Ipo, mwisho kabisa, pumzi inapoisha: "Haya Mwalimu, inshallah tutaonana."