"Wowser" si mcha Mungu: kwa wanaokwenda Australia

Mtu wa Amu (Lamu) akilisikia neno hili Australia atadhani anaulizwa bidhaa: "wauza?", yaani unauza? Hutamkwa karibu hivyo hivyo, lakini huandikwa wowser. Ni kejeli ya Waaustralia na majirani zao wa New Zealand kwa mtu anayejipa ulinzi wa maadili ya wenzake.

Hapo kwenye "ya wenzake" ndipo wengi wetu wanapopotea. Asiyekunywa pombe si wowser. Fikirieni uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome ya Amu: mzee akisikia adhana anainuka barazani, anakwenda zake msikitini. Huyo mcha Mungu. Anayewasimamia wacheza dhumna (domino) akikemea mpaka waikusanye, huyo ndiye. Mnoko ndilo neno letu la karibu, ingawa mnoko hahitaji dini.

John Norton, mwenye gazeti la Truth la Sydney, alidai kulibuni mwaka 1899. Makali lilipata tangu 1916, majimbo kadhaa yalipoamuru baa zifungwe saa kumi na mbili jioni kwa shinikizo la wapinga ulevi. Watu walitoka kazini saa kumi na moja, wakabakiwa na saa moja tu, wakawa wanabugia bia wamesimama, wamebanana kaunta. Kuta za baa zikawekwa vigae ili zioshwe kwa mpira wa maji. New South Wales iliiacha sheria hiyo 1955, South Australia 1967. Lawama zote walibebeshwa wowser.

Sasa, mkialikwa baa na wafanyakazi wenzenu, jihadharini na shout: kila mtu hulinunulia kundi zima kwa zamu. Ukipokea hata soda moja, una deni, na zamu yako italipia bia zao. Sema kabla ya mzunguko wa kwanza: sinywi, nitajinunulia mwenyewe. Inatosha, na hakuna atakayekuona vibaya. Ukiongeza darasa la madhara ya pombe, jina umelivaa.

Na lemon, lime and bitters, soda ya limau na ndimu ya huko, isiwahadae kwa kuwa huhesabiwa kinywaji baridi. Bitters ya Angostura, kikolezo kichungu kinachotiwa humo, japo ni matone, ina alkoholi asilimia 44.7. Mwambieni muuzaji asiitie kabisa, tena mwambieni kabla hajashika glasi, kwani wengine huizungusha ndani ya glasi kwanza, kabla ya soda.