Nilivyosafisha mabaki ya Debian baada ya kutoka 11 kwenda 12

Wadau, ukishatoka Debian (mfumo wa Linux wa kuendesha seva) 11 ukaenda 12 na seva ikawaka fresh usidhani umemaliza, kule /etc (folda la seting za mfumo) kuna mafaili yanabaki na watu wanayaacha humo miaka. Mi nilianza na hii:

find /etc -name '*.dpkg-*' -o -name '*.ucf-*'

Ikatema orodha, na kila mkia una maana yake. Wakati wa kuapgredi, dpkg (kile chombo kinachosakinisha programu za Debian) ikikuta faili la seting ulilolichezea inakuuliza uweke jipya au ubaki na la kwako. Ukibaki na lako (ukipiga enta tu ndo inachofanya) lile jipya linawekwa pembeni kama .dpkg-dist, ukikubali jipya basi lako la zamani ndo linakuwa .dpkg-old. Za ucf (chombo kingine cha kusimamia mafaili ya seting) ni mchezo uleule, utaziona kwenye vitu kama sshd_config, faili la seting za ssh, ile njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali.

Kwa hiyo hakuna kufuta kabla ya diff, yaani kulinganisha faili lako na lile lingine. sshd_config yangu ilikuwa na ChallengeResponseAuthentication no, kwenye .ucf-dist wameandika KbdInteractiveAuthentication no, jina la zamani bado linakubalika ila nikabadilisha yaishe, nikapiga sshd -t kukagua seting, ikakaa kimya maana yake poa, nikarestati huku dirisha lingine la ssh liko wazi likitokea la kutokea. Ndo nikafuta hilo .ucf-dist.

PHP (lugha inayoendesha tovuti) nayo iangalie, 11 ilikuja na 7.4 na 12 inakuja na 8.2, kila toleo na folda lake, so php.ini (faili la seting zake) uliyoitengeneza haihami yenyewe. Kama ulipandisha upload_max_filesize utaikuta imerudi 2M, na wateja wakianza kupandisha picha utapigiwa simu. Chukua mistari yako kwenye /etc/php/7.4 kabla hujaifagia.

Sasa kufagia. dpkg -l | grep '^rc' inakuonyesha pakeji zilizotolewa zikaacha seting zake, na apt purge '~c' inazifuta zote kwa mpigo. Tamu sana hiyo, ila isome orodha kwanza! Hasa Postgres (programu ya hifadhidata) jamani, 13 na 15 zinakaa pamoja, data zako bado ziko kwenye 13, na ukipurge postgresql-13 inakuuliza ifute na data zake, jibu ililokuwekea tayari ni ndiyo. Mi nilichukua bekapu, nikatoa ile klasta (seti ya data) tupu ya 15 kwa pg_dropcluster --stop 15 main, halafu pg_upgradecluster 13 main kuhamishia data 15, nikaiacha ya zamani ipumzike mpaka mfumo ukazoeleka ndo nikaipurge.

Iliyobaki ni nyepesi, apt clean inatoa zile .deb (mafaili ya kusakinishia programu) zilizojazana /var/cache/apt/archives. Kernel (kiini cha mfumo) ya 5.10 niliiacha mpaka 6.1 ilipowaka na netiweki ikaonekana, ndo nikaitoa.