Penseli ya Bibi wa Chumba cha Mwisho

Jana usiku binti yangu alikuwa anachonga penseli kwenye meza ya chakula. Mimi niko jikoni, harufu ya yale maganda ikanifikia, ya mbao kavu na ile risasi nyeusi ya ndani. Nikazima jiko. Nilijikuta nimesimama Concord, Massachusetts, Novemba ya 2013, vidole vimekufa ganzi.

Mwaka ule nilikuwa naishi Waltham, nikitunza wazee zamu za usiku. Kule nyumbani kamati ya harusi ya mtoto wa shangazi ilikuwa imeshanipangia laki 5, maana aliyeko Marekani haulizwi. Nikakataa. Mdogo wake bwana harusi, msichana mwenye akili kweli, alikuwa amekaa nyumbani tangu amalize kidato cha nne kwa kukosa ada, na bajeti ilikuwa na fungu la ukumbi, fungu la mapambo, fungu la video. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba sherehe sichangii, nitamlipia yule binti ada. Kundi likanyamaza siku 2. Kisha baba mdogo, mwenyekiti wa kamati, akaandika: "Mtoto akizoea baridi husahau moto wa kwao."

Maneno yale yaliniuma sana. Nilimsimulia bibi mmoja wa chumba cha mwisho, saa tisa usiku, nilipokuwa namgeuza asipate vidonda. Alikuwa mwalimu mstaafu wa fasihi, miguu haimbebi tena, lakini kichwa kiko wazi kabisa. Alinishika mkono, akasema, "Basi nikwambie habari za Henry."

Alimtaja Henry David Thoreau, mwandishi wa Marekani wa karne ya 19, kama mtu anavyomtaja jirani. Aliniambia jinsi alivyojenga kibanda chake kando ya ziwa la Walden, kule Concord, futi 10 kwa 15, kwa dola 28 na senti 12 na nusu, akahamia humo tarehe 4 Julai 1845, akakaa miaka 2, miezi 2 na siku 2. Shamba lilikuwa la rafiki yake, mwandishi mwenzake Ralph Waldo Emerson. Na Julai ya 1846, Henry alipokwenda mjini kuchukua kiatu kwa fundi, alikamatwa na kutiwa jela kwa kodi ya kichwa aliyokuwa ameacha kuilipa. Alikataa kuitii serikali inayolinda utumwa, na wakati huo ilikuwa inapigana vita Meksiko. Alilala ndani usiku mmoja.

Bibi alinifanya nimsomee kwa sauti insha ya Emerson ya mwaka 1841, ile ya kujitegemea, kipande kila usiku. Mahali fulani anasema kwamba atakaye kuwa mtu sharti asifuate mkumbo. Bibi alinisimamisha hapo, nikarudia mara 3. Akanieleza kwamba Emerson alikuwa mchungaji Boston, akaiacha mimbari mwaka 1832 kwa sababu moyo wake haukuridhika tena kuendesha Meza ya Bwana. Mwaka 1838 aliwahutubia wahitimu wa theolojia pale Harvard, akawaambia waitafute imani ndani ya nafsi zao. Ikapita karibu miaka 30 ndipo chuo kikamwita tena kuzungumza. Nilisikiliza huku nakunja mashuka, na kila neno nililiona linanihusu. Nilitoka pale asubuhi kifua mbele.

Jumamosi moja akanipa penseli ya manjano, mpya. Familia ya akina Thoreau ilikuwa ya watengeneza penseli, na Henry mwenyewe ndiye aliyeboresha ule mchanganyiko wa grafiti na udongo wa mfinyanzi. Kwa hiyo watu humwachia penseli kaburini. "Mimi sitafika tena," bibi akasema. "Nipelekee."

Nikapanda treni ya Fitchburg nikitoka zamu, sijalala. Ziwa sikulisogelea. Nilikwenda moja kwa moja makaburini Sleepy Hollow, alikozikwa Henry, nikapanda kile kilima chenye miti mirefu.

Nilitegemea mnara. Kumbe ni kijiwe kifupi kuliko goti langu, cheupe kilichofifia, kimeandikwa HENRY tu. Jina la ukoo liko kwenye jiwe kubwa la familia, na yeye amelazwa na wazazi wake na ndugu zake, wote pamoja. Majani ya misonobari yameanguka pale, na katikati yake penseli zimechomekwa ardhini, nyingine zimevimba kwa mvua. Nikachuchumaa. Ya bibi haikuwa imechongwa, na niliona vibaya kuiacha butu. Nilikuwa na kichongeo kidogo kwenye ufunguo. Nikaichonga polepole, maganda yakadondoka juu ya yale majani, harufu ikapanda katika ile baridi.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ni kundi la familia. Baba mdogo ameweka orodha ya waliotimiza ahadi. Namba 14 ni jina langu, shilingi 500,000, amelipa.

Nilisoma mara 4. Kwangu ilikuwa saa nne asubuhi, kwa mama saa kumi na mbili jioni. Nikampigia.

"Mama, nani kanilipia?"

"Nimepokea upatu wangu."

"Lakini mama, mimi nilikataa. Nilikataa mbele ya watu wote."

Nilimsikia akihamisha sufuria. "Mwanangu, ada ya yule mtoto umefanya vizuri, Mungu akubariki. Lakini kwani hilo jina unadhani ni lako peke yako?"

Nilibaki nimechuchumaa, penseli mkononi. Hasira zilikuwepo, sitaficha. Chini yake kulikuwa na kitu kingine ambacho mpaka leo sijakipatia jina. Nikaichomeka penseli karibu na zile nyingine, nikashuka.

Usiku ule nilimuuliza bibi swali ambalo sikuwahi kufikiria kuliuliza. Kwa nini Henry alilala jela usiku mmoja tu?

"Kuna mtu alimlipia," akasema. Mwanamke aliyejifunika uso alikuja jioni ile ile nyumbani kwa mlinzi wa jela. Wengi husema alikuwa shangazi yake, Maria. Mlinzi, Sam Staples, alikuwa ameshavua viatu, akaona uvivu kurudi kumfungulia. Asubuhi Henry alitoka amefura kwa hasira. Baadaye, katika ile insha aliyoichapisha mwaka 1849 kuhusu kuipinga serikali, aliandika tu kwamba kuna mtu aliingilia kati akalipa. Jina hakulitaja.

"Alimshukuru?" nikauliza.

Bibi alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaniomba nimgeuzie upande wa dirisha.

Mama alifariki 2019. Yule binti alimaliza kidato cha sita, na ni yeye anayeolewa sasa. Kadi ya mchango imeletwa juzi, jina langu limeandikwa kwa mkono, pale pa kiasi pameachwa wazi. Ilikuwa mezani jana. Binti yangu aliyapuliza maganda ya penseli yaliyoiangukia, akaisoma, akauliza, "Baba, hii tunalipa?"

Bado sijamjibu.